Mwalimu wa miaka 5 na mwalimu wa miaka 25: tofauti yao darasani ni ipi hasa?

#1 Chaki_Nyeupe
Habari wakuu. Kuna kauli inazunguka sana kwenye vyumba vya walimu: "Mwalimu hukua miaka mitano ya mwanzo, baada ya hapo anarudia tu." Mimi naikubali nusu. Kushika darasa kunakua haraka, hilo halina ubishi. Kujua mtoto alifikiri nini mpaka akakosea kunakua polepole sana, na kwa wengine hakukui kabisa. Kujiamini nako kunakwenda njia yake, kunaweza kupanda hata pale ambapo ufundishaji haujasogea hatua.

Naomba tujadili kwa mambo yanayoonekana darasani. "Uzoefu ni muhimu" sote tunajua. Miaka inabadilisha nini, na inabadilishaje?

#2 KengeleYaPili
Muda. Chukua kipindi cha dakika 40. Mwalimu mpya ameandika kwenye andalio: utangulizi 5, maarifa mapya 15, kazi ya wanafunzi 15, hitimisho 5. Safi kabisa kwenye karatasi. Akiingia, anauliza maswali ya somo lililopita, hawajibu, anaanza kulifundisha upya. Dakika 12 zimekwenda. Kugawa madaftari dakika 4 nyingine. Kazi ya wanafunzi inaanza dakika ya 31, kengele inalia wakiwa swali la pili, hitimisho hakuna.

Mkongwe ana swali moja ubaoni kabla hawajakaa. Viongozi wa safu wanagawa madaftari huku wenzao wakilifanya. Tena ameshaamua mapema kwamba akibanwa atakata nini: anakata mfano wa tatu, kazi ya wanafunzi haiguswi. Mpya akibanwa hukata kazi ya wanafunzi, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho kwenye andalio. Akikata hiyo, hana namna ya kujua kama wameelewa.

#3 Sauti_ya_Nyuma
#2 umesema kweli, ila muda ni matokeo. Chanzo ni macho. Jacob Kounin alichambua video za madarasa na kuchapisha kazi yake 1970. Alikuta kwamba walimu wenye madarasa yaliyotulia na wale wenye vurugu hawakutofautiana sana katika namna ya kukemea. Walitofautiana katika waliyofanya kabla kukemea hakujahitajika.

Alibaini makosa mawili ambayo kila msimamizi wa walimu wa mazoezi anayajua: kumkemea asiyehusika (aliyelipiza anakamatwa, aliyeanza anacheka), na kuchelewa mpaka jambo la wawili limekuwa la wanane. Yote mawili yanatokana na mgongo. Mpya anaandika ubaoni dakika nzima bila kugeuka. Mkongwe anasimama kiubavu, anaandika nusu mstari, anatupa jicho nyuma kulia, anaandika tena, nyuma kushoto. Hasemi kitu. Wanafunzi wanajua wanaonekana, basi.

#4 BintiHesabu
Mnajadili utulivu tu? Darasa linaweza kutulia kama maji ya mtungini na wasielewe chochote.

Tofauti kubwa ninayoikubali ni kujua makosa kabla hayajatokea. Mfano: wape 1/2 + 1/3. Sehemu kubwa ya wanaokosea wataandika 2/5, wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mpya akiiona 2/5 anaweka mkasi (alama ya X) na kurudia kanuni ya kigawe kidogo cha shirika. Mkongwe aliye makini anaiandika 2/5 ubaoni mwenyewe na kuuliza: "2/5 ni kubwa kuliko nusu au ndogo?" Ndogo. "Tulianza na nusu tukaongeza kitu, imekuwaje ikapungua?" Hapo mtoto analiona kosa kwa akili yake, hata kabla ya kanuni.

Au desimali: kipi kikubwa, 0.4 au 0.35? Atakayesema 0.35 kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 4, huyo anasoma kila upande wa nukta kama namba nzima. Mwalimu asiyelijua hilo atampa mifano ya 0.4 na 0.7, 0.25 na 0.61, mtoto atapata zote, na kosa litabaki palepale. Lazima idadi ya tarakimu itofautiane ndipo kosa litoke nje.

Lee Shulman aliandika kuhusu maarifa ya aina hii 1986: kulijua somo ni kitu kimoja, kujua namna linavyomkwama mwanafunzi ni kingine. Hili chuo hakikupi lote. Linakuja kwa kusahihisha madaftari mengi ukiwa unasoma hatua, siyo jibu la mwisho peke yake.

#5 Mwl_Mpya
Asanteni, huu uzi nauhifadhi. Swali: kuuliza maswali nako kunabadilika na miaka? Nimesoma kwamba kwa wastani walimu husubiri sekunde 3 baada ya kuuliza.

#6 MkaguziWaMaandalio
Hapana #5, rekebisha hapo. Mary Budd Rowe alikuta kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Sekunde 3 ndicho kiwango ambacho kikifikiwa mambo huanza kubadilika: majibu yanarefuka, wanaokaa kimya wanapungua, na wale wanaodhaniwa wazito wanaanza kusema.

Na kuna kimya cha pili ambacho wengi hawakijui. Cha kwanza ni baada ya swali. Cha pili ni baada ya mwanafunzi kujibu, kabla wewe hujasema "vizuri" au "mwingine?". Mtoto akiachiwa sekunde 3 baada ya jibu lake, mara nyingi anaongeza sababu bila kuombwa.

Utaratibu ni huu: uliza swali kwa darasa zima, hesabu moyoni moja mpaka tatu bila kutembea wala kurudia swali, ndipo utaje jina. Ukianza na jina ("Asha, niambie...") wengine wote wameshapumzika. Ukirudia swali kwa maneno mengine ndani ya zile sekunde, sasa wana maswali mawili, na wanaanza kufikiri upya.

Sasa ubishi wangu na mleta mada: hili miaka hailipi yenyewe. Unaweza kufundisha miaka 25 ukisubiri sekunde 1, maana hakuna anayekuhesabia.

#7 Chaki_Nyeupe
#6 hapo umenipa neno nililokuwa nalitafuta. Kuna makosa ambayo darasa linakuadhibu papo hapo: ukigawa vifaa ovyo, kelele inakujibu ndani ya nusu dakika. Kesho hurudii. Lakini ukisubiri sekunde 1 hakuna kelele. Wale watatu wa mbele wanajibu, somo linasonga, unatoka umeridhika. Mtoto aliyeelewa vibaya kimyakimya hakupi taarifa yoyote. Kwa hiyo miaka inafundisha kile kinachopiga kelele, na kile kilicho kimya kinabaki kama kilivyokuwa mwaka wa kwanza. Hiyo ndiyo hoja yangu, nawaachia muivunje.

#8 Takwimu_Tupu
Naivunja kwa upande mwingine. Nyote mnalinganisha wapya na wakongwe kana kwamba ni watu walewale kwa nyakati tofauti. Siyo. Wapya ni wote walioingia. Wakongwe ni waliobaki. Walioshindwa kushika darasa wengi wameshaondoka kabla ya kufika mwaka wa 25. Inawezekana kabisa sehemu ya "uzoefu" mnaousifia ni mchujo tu, hao walikuwa wazuri tangu siku ya kwanza.

#9 Nahodha_wa_Zamu
Na wengine waliobaki ni wale waliokosa pa kwenda, Takwimu. Mchujo unachuja pande zote mbili.

Mimi naongeza sababu ambayo hamjaigusa: jina. Mkongwe akiingia darasa la watoto wapya, kaka na dada zao wameshawasimulia. "Huyo akisema kazi ya Ijumaa, ni Ijumaa." Darasa linatulia kabla hajafungua mdomo. Mhamishe shule nyingine ambako hajulikani, utashangaa wiki tatu za mwanzo anahangaika kama mgeni. Ujuzi hauwezi kupotea njiani, kwa hiyo kuna kitu kilikuwa ni sifa yake shuleni, si ufundi wake.

#10 Sauti_ya_Nyuma
#9 wiki tatu anahangaika, wiki ya nne je? Mkongwe anarudi kwenye mstari, mpya bado anahangaika mpaka muhula uishe. Hapo ndipo ufundi unaonekana. Kuishi kwingi ni kuona mengi, Nahodha, usiwanyime wazee haki yao.

#11 KengeleYaPili
Kuhusu kujiamini, ule utafiti wa Klassen na Chiu wa 2010 ulionyesha kwamba walimu hupanda mpaka karibu mwaka wa 23 wa kazi, halafu wanashuka. Kwa hiyo wa miaka 25 wa kwenye kichwa cha uzi yuko kwenye mteremko.

#12 Takwimu_Tupu
Soma vizuri. Walipima walimu 1,430 wa Kanada mara moja, wakawapanga kwa miaka yao ya kazi. Hawakumfuata mwalimu mmoja kwa miaka 23. Aliye na miaka 30 siku ile aliingia kazini zama nyingine, akafunzwa kwa namna nyingine. Mteremko unaweza kuwa wa kizazi badala ya uzee. Mchoro ni wa kweli, maelezo yake ndiyo bado yana ubishi.

Tena walikuwa wanapima watu wanavyojiona, hawakukaa darasani. Kile kipimo cha Tschannen-Moran na Woolfolk Hoy cha 2001, kinachotumika sana kwenye tafiti za aina hii, kina maswali 24 (kifupi 12), unajipa alama 1 mpaka 9. Kinagusa maeneo matatu: mbinu za kufundisha, kushika darasa, na kuwavuta wanafunzi washiriki. Ukijumlisha yote ukapata wastani mmoja umeshaharibu, maana mtu anaweza kuwa na 8 kwenye kushika darasa na 4 kwenye kuwavuta wanaokata tamaa.

#13 MkaguziWaMaandalio
Ndiyo maana napenda hatua za Berliner za 1969: mwalimu mpya anajiwazia yeye mwenyewe, baadaye anawaza kazi, mwisho anawaza wanafunzi.

#14 BintiHesabu
Mkaguzi leo umejichanganya, na ulimsahihisha mwenzio juu hapo kwa ukali! Hizo za 1969 ni za Frances Fuller, zinahusu wasiwasi wa mwalimu: nitaonekanaje, nitamudu vipi kazi, watoto wanapata nini. David Berliner ni wa miaka ya 80, ngazi tano kutoka anayeanza mpaka bingwa. Yeye na wenzake ndio waliowaonyesha walimu darasa moja kwenye skrini tatu kwa mpigo. Wanaoanza walisimulia walichokiona: huyu kasimama, yule anaandika. Mabingwa walieleza maana yake: kundi la kulia limemaliza kazi, linahitaji nyingine.

#15 MkaguziWaMaandalio
Nimeipokea, asante Binti. Ni Fuller. Hoja inabaki: mpya anapouliza "mmeelewa?" anajiuliza yeye kama amefaulu. "Ndiooo" ya pamoja inamtuliza na anasonga mbele. Mwenye kuwaza wanafunzi haulizi "mmeelewa", anasema "andikeni hatua ya kwanza tu, nyanyueni madaftari".

#16 Kinara_Maabara
Niingie kwa upande wa vitendo, maana huko tofauti inaonekana ndani ya dakika 3. Mwalimu mpya anagawa vifaa, kisha anatoa maelekezo. Hakuna anayemsikiliza, mikono iko kwenye vifaa. Anapaza sauti, anarudia mara nne, koo linakauka, kikundi cha nyuma kimeshamwaga kitu.

Aliyekomaa anaenda hivi. Mikono mitupu. Hatua zimeandikwa ubaoni kwa namba, hazizidi tano. Anaonyesha kifaa kimoja akiwa mbele. Anamtaka mwanafunzi mmoja arudie hatua kwa maneno yake, na anamchagua yule ambaye hakuwa anasikiliza vizuri. Anauliza "mkimaliza mnafanya nini?" Ndipo vifaa vinatoka, mtu mmoja kwa kila kikundi cha wanne au watano, kila mmoja ana kazi: wa kushika, wa kusoma kipimo, wa kuandika, wa kuangalia muda. Kikundi cha wanane kina watazamaji wanne, na watazamaji ndio wanaoleta ajali.

Ila jambo moja linanifanya nisiamini sana "miaka": mpe huyohuyo mkongwe mtaala mpya au kifaa asichokijua, anarudi kutoa maelekezo mikono ikiwa imejaa vifaa. Akili yote imekwenda kwenye kifaa, haibaki ya kuangalia darasa.

#17 Chaki_Nyeupe
#16 hiyo inaunga mkono wanaosema utaratibu uliozoeleka unaachia akili nafasi. Mazoea yakivunjwa nafasi inajaa tena.

#18 BintiHesabu
Ndiyo, na inaeleza kwa nini miaka kumi ya huyu si sawa na miaka kumi ya yule. Mmoja kafundisha Darasa la Tano hisabati mara kumi. Mwingine kila mwaka kahamishwa: la Tatu, la Saba, sayansi, uraia, la Kwanza. Ben Ost alilichunguza hili Marekani, 2014, akakuta kwamba kurudia darasa lilelile kunaongeza kitu chake juu ya uzoefu wa jumla. Wakuu wa shule wanaopanga ratiba kwa kuziba mapengo tu hawalioni hilo, na linaniuma kweli, kwa sababu ni jambo lisilohitaji fedha.

Lakini hata kurudia hakutoshi kama andalio la mwaka jana ni lilelile lililonakiliwa na kubadilishwa tarehe. Dawa ni mistari mitatu chini ya kila andalio, siku hiyohiyo: wapi walikwama, mfano upi ulifungua, sehemu ipi ilizidi muda na kwa dakika ngapi. Basi. Ukiacha mpaka Ijumaa utaandika "somo lilieleweka vizuri", na maneno hayo hayatakusaidia chochote mwakani.

#19 Mwl_Mpya
Swali la mwisho kwa leo. Kwa nini kujiamini kunashuka baada ya kuanza kazi, wakati kwenye mafunzo kwa vitendo kulikuwa juu?

#20 Takwimu_Tupu
Hilo limeonekana kwenye utafiti: Woolfolk Hoy na Spero, 2005, kujiamini kulipanda wakati wa mafunzo, kukashuka mwaka wa kwanza wa kazi. Msaada anaoupata mwalimu mwaka huo ulihusiana na kiasi cha mabadiliko. Ukiwa kwenye mazoezi darasa si lako kamili. Mwenyewe yuko nyuma amekaa, taratibu alishaziweka, wewe unaendesha gari lililokwisha washwa. Ukiajiriwa unaanza na darasa ambalo halina hata utaratibu wa kugawa madaftari.

Mwanasaikolojia Albert Bandura anataja vyanzo vinne vya kujiamini: kufanya mwenyewe ukafanikiwa, kumwona anayefanana na wewe akifanikiwa, kutiwa moyo, na hali ya mwili wako. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kwa mpya maana yake ni hii: usianze kubadilisha mambo sita. Chagua moja, mfano dakika 5 za mwanzo, lifanye sawasawa kila siku kwa wiki mbili mpaka likae, halafu ongeza jingine. Kutiwa moyo bila mafanikio hakudumu.

#21 Nahodha_wa_Zamu
Na cha pili kinasahaulika. Mpya anapelekwa kumtazama bingwa wa miaka 30, anatoka amekata tamaa. Mpeleke kwa mwenye miaka miwili au mitatu, aone mtu wa kimo chake akimudu.

Tena mnazungumzia kujiamini kama jambo jema siku zote. Mkongwe anayejiamini kupita kiasi ndiye mgumu kuliko wote kwenye mafunzo kazini. Anakaa nyuma, anasema "hayo tulishayafanya". Mashaka kidogo yanamfaa.

#22 KengeleYaPili
Hapo nakupinga Nahodha. Wengi wanaosema "tulishayafanya" ni kweli walishayafanya. Wameletewa mbinu ileile kwa jina jipya, bila muda wa kuijaribu, kisha ikaondolewa. Kukataa kwao ni kumbukumbu. Anayeleta mafunzo aje na somo moja halisi walifundishe, hawatakaa nyuma.

#23 Mdau_Somo_Pamoja
Nimesoma wote kwa utulivu. Mnatafuta sababu ndani ya mwalimu tu, mmeiacha shule. Kraft na Papay, 2014, walifuatilia walimu wa Charlotte kule Marekani. Baada ya miaka kumi, waliokuwa kwenye shule zenye mazingira mazuri ya kazi (ushirikiano, uongozi, nidhamu inayosimamiwa na shule nzima) walikuwa wamepiga hatua asilimia 38 zaidi ya wale wa shule zenye mazingira dhaifu. Miaka ni ileile.

Kinachowezekana hata pasipo na chochote ni utaratibu wa Wajapani wa kuchunguza somo kwa pamoja. Walimu watatu au wanne wanachagua somo moja linalosumbua. Wanaliandaa pamoja, wakiandika kwa kila swali majibu wanayotarajia kutoka kwa wanafunzi, ya kweli na ya makosa. Mmoja anafundisha. Wengine wanawatazama wanafunzi: kila mmoja amepewa watoto watano, anaandika wanachoandika na wanaponong'onezana. Mwalimu hawamtazami. Siku hiyohiyo wanakaa, wanarekebisha, mwingine analifundisha mkondo mwingine.

Linaharibika wapi? Watazamaji wakianza kumkagua mwalimu: sauti yake, mavazi, mwandiko. Likifika hapo watu wanaficha na zoezi limekufa.

#24 Kinara_Maabara
Safi #23, ila nani anashika madarasa ya hao watazamaji watatu? Shule nyingi kila mwalimu ana kipindi saa hiyohiyo. Na darasa la watoto 80, kutazama watano watano hufiki mbali.

#25 MkaguziWaMaandalio
Kwa 80, tumia karatasi ndogo za kutokea, kila mtoto anaandika jibu na kukukabidhi akitoka. Swali moja tu, lile la BintiHesabu la 0.4 na 0.35 linafaa, "kipi kikubwa na kwa nini". Dakika 4 za mwisho. Usisahihishe kwa alama. Zipange mafungu matatu: wamepata na sababu sahihi, wamepata kwa sababu mbaya, wamekosa. Sekunde 5 kila moja, 80 ni chini ya dakika 7. Fungu la katikati ndilo la thamani, hilo mtihani haulionyeshi. Kesho unaanza nalo. Na kama hakuna wa kukutazama, simu mezani irekodi sauti dakika 10, kwa ruhusa ya uongozi. Usisikilize kila kitu. Hesabu mambo mawili: sekunde baada ya kila swali, na majina uliyoyataja.

#26 Chaki_Nyeupe
Hiyo ya #25 ndiyo dawa ya makosa ya kimya niliyosema #7. Unalilazimisha lililo kimya lipige kelele.

#27 Takwimu_Tupu
Chaki, usifunge mjadala, hoja yangu ya #8 hamjaigusa. Hata huko Charlotte, Kraft na Papay wanajaribu kumlinganisha mwalimu na yeye mwenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hilo ni jema, linapunguza tatizo la mchujo. Lakini nyie hapa, kila "mkongwe" mliyemtaja ni mtu aliyebaki. KengeleYaPili anasema mkongwe hukata mfano wa tatu. Alianza kufanya hivyo mwaka wa ngapi? Kama alikuwa akifanya tangu mwaka wa pili, basi miaka 23 iliyofuata haikumpa hilo.

#28 KengeleYaPili
Fungua andalio lake la mwaka wa pili ulinganishe na la sasa, kama ameyatunza. Nadhani utakuta mfano wa tatu hauna alama ya kukatwa mpaka mwaka wa nne au wa tano. Mwenye maandalio ya miaka mingi ya somo moja ayapange mezani, aangalie pembeni mwa karatasi, kisha arudi hapa atuambie.